Wosia wa Mzee Kitasa: Droo Iliyonyamaza

Msomaji, wiki iliyopita tulimwacha Wakili ameingiza mkono mpaka kiwikoni ndani ya droo, anapapasa chuma kitupu. Mkono bado umo humo humo. Na nyie mliokwisha kumhukumu Karani, mkabishana wiki nzima kwamba ndiye mwizi, anzeni kutafuta maneno ya kumwomba radhi.

"Haupo," Wakili alisema.

"Haupo nini?" Karani aliuliza kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Wosia."

Karani alikitua kikombe juu ya faili la mteja mwingine kabisa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa nane mchana Mheshimiwa Jaji, mama asiyejua mzaha wala udhuru, angeutaka wosia huo mezani kwake.

Kwa aliyelikuta gazeti hili limefungiwa maandazi, nisimwache njiani. Mzee Kitasa, fundi wa vitasa na makufuli, alifariki akaacha mke, watoto watatu, na nyumba ya ghorofa moja yenye karakana chini. Kabla ya kufa alimpelekea Wakili bahasha aliyoipiga lakiri, nta ya kufungia barua, kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia mambo mawili tu: nyumba ni ya mke wangu, na bahasha hii asiifungue mtu ila jaji. Wakili aliomba atoe nakala. Mzee alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue suruali sokoni. "Mwanangu," alisema, "mimi nimekula kwa kuchonga nakala za funguo. Najua zinakoishia."

Sasa mtoto wake wa kwanza, ambaye wote wanamwita Meneja kwa sababu anaongoza hoteli na hachoki kukukumbusha, amefungua shauri nyumba iuzwe na kila mtu achukue fungu lake. Wosia usipoonekana leo, Meneja atashinda. Mjane atafungasha vyombo vyake na kuanza kulala kwa watoto kwa zamu, kama kiti cha kuazima.

"Nimemmaliza yule mama," Wakili alisema. "Alinikabidhi nyumba yake, nami nimeipoteza."

"Subiri kwanza," Karani alisema. "Leo hujaipiga droo teke."

Wakili aligeuka taratibu. Droo ile ilikuwa na historia. Kila asubuhi aliingiza ufunguo, akauzungusha, akasema neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa, kisha akainua sketi kidogo na kuipiga teke pembe ya chini. Wapo wateja walioamini teke lile ni sehemu ya utaratibu wa kisheria. Leo alikuwa ameifungua akiwa anawaza mambo mengine, na haikulia hata kidogo.

Aliifunga. Akaifungua. Akaifunga tena. Ilikwenda na kurudi kwa adabu.

Aligusa tundu la ufunguo, na kidole kikatoka kinang'aa. Alikinusa. Kilinukia mafuta mepesi, yenye manukato kwa mbali. Pua yake iliyajua mafuta hayo, lakini kichwa kilikataa kumtajia jina.

"Mwizi gani huyu," Karani aliuliza, "anakuja kuiba, halafu anakutengenezea?"

"Mwizi aliyelelewa karakana," Wakili alisema.

Wakatazamana. Mzee Kitasa mwenyewe, siku alipoleta bahasha, alikaza skrubu za viti vyote vya mapokezi wakati anasubiri zamu yake. Na jana mchana, familia yote ilipokuja ofisini kujaribu kupatana kabla ya mahakama, Meneja alikuwa anafoka kwenye simu huku mkono mmoja unarekebisha komeo la mlango wa choo. Ndivyo walivyolelewa. Mtoto wa nyumba ile anaweza kukuibia, anaweza hata kukusingizia, lakini kuondoka akaacha kitasa kinalia hawezi.

"Jana fotokopi ilipokwama, sote wawili tulitoka," Karani alikumbuka. "Meneja aliingia humu kuchukua simu yake. Sista, dada yake, aliingia kuchukua mwavuli. Kitinda, mdogo wao, aliingia kuchaji simu."

"Na mama yao?"

"Aliomba ajinyooshe kidogo kwenye kiti chako. Magoti."

"Huyo tumwache," Wakili alisema. "Nani anaiba karatasi inayompa nyumba?"

Basi ni mmoja kati ya watatu. Wakili alipanda juu ya stuli, akashusha kutoka kabatini mkoba wa ngozi wa marehemu baba yake, ambao kitasa chake kilikwama tangu enzi hizo. Aliupangusa vumbi na kutabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Karani alimwona na kuogopa, kwa sababu tabasamu lile alilijua, na kila lilipotokea wao wawili walichelewa chakula cha mchana.

* * *

Wakili aliikuta familia sebuleni imekwisha kuvaa nguo za mahakamani. Meneja alikuwa na tai iliyomkaba mpaka macho yakamtoka. Sista, binti wa katikati, muuguzi, alikuwa ameshika pochi kama mtu anayesubiri kuitwa chumba cha sindano. Kitinda mimba wao, fundi baiskeli, alivaa shati la kaka yake, mikono imempita vidole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umejisumbua? Si tungekutana huko huko?"

"Nimeona niwapitie twende pamoja." Wakili aliuweka mkoba mezani, akaupiga kofi la mapenzi. "Wosia umo humu. Ila kitasa kimekwama, sijui nifanyeje."

Ulikuwa uongo mtupu, na aliutega makusudi. Mwizi peke yake ndiye angejua kwamba wosia haumo, na uso wake ungemsaliti. Wakili alijiegemeza, akasubiri abadilike mmoja.

Walibadilika wote wanne.

Meneja alikohoa. Sista aliinamia pochi. Kitinda alitazama dari kama mtu anayehesabu mbao. Hata mama alisita na sinia la vikombe mkononi. Wakili, aliyekuja na mtego wa panya mmoja, hakujua la kufanya na panya wanne.

Lakini kitasa kilichokwama kilikuwa kimekaa mezani, na damu ya ufundi haikustahimili. Mkono wa Meneja ukaanza kutambaa juu ya kitambaa cha meza.

"Kutu tu hiyo," alisema, na kuingiza mpini wa kijiko. Kijiko kikapinda.

"Wewe tangu zamani ni wa kuvunja," Sista alisema. Alitoa mkasi mdogo kwenye pochi, akageuza mara mbili, kitasa kikafunguka kwa mlio wa paka aliyekanyagwa.

"Umefungua, lakini unasikia kinavyolia?" Kitinda alimsukuma dada yake. "Lete hapa." Alichomoa waya wa baiskeli mfukoni. Mnajua ninyi mtu anayekwenda mahakamani na waya wa baiskeli mfukoni? Alikuwa nao. Akachokonoa, akafunga, akafungua, na paka akalia tena, safari hii kwa sauti ya chini zaidi.

Waliinamia mkoba vichwa vitatu pamoja, wanasukumana viwiko, wamesahau kesi, wamesahau tai, wamesahau kwamba kaka anataka kuiuza nyumba waliyomo. Hakuna aliyeangalia kama ndani mna kitu.

Mama aliwatazama, akatikisa kichwa. Alitua sinia, akapenyeza mkono chini ya kitambaa chake cha kichwa na kuchomoa pini ya nywele. Aliipitisha mara moja kwenye nywele zake zilizopakwa mafuta, akaiingiza kitasani, akazungusha kidogo. Kisha akaubonyeza mkoba, nao ukafunga bila kutoa sauti yoyote.

"Chuma hakitaki nguvu," aliwaambia. "Baba yenu alichoka kuwaambia."

Manukato yalimfikia Wakili pale alipokaa. Pua ilikuwa imeyajua tangu asubuhi, na sasa kichwa kikakubali. Ni mafuta yale yale ambayo kila mkutano ulipokwisha yalibaki begani mwake, mjane alipomkumbatia kumuaga.

"Mama," alisema, "nikusaidie vikombe jikoni."

* * *

Jikoni Wakili alifunga mlango na kuuegemea kwa mgongo.

"Umeniibia, mama."

"Ndiyo," mama alijibu, akaendelea kufuta kikombe. "Na droo yako ilikuwa katika hali ya aibu. Mtu msomi kama wewe."

"Mama, ule wosia unakupa wewe nyumba. Bila huo, mwanao ataiuza na wewe utatoka. Unaelewa ulichofanya?"

"Naelewa kuliko wewe. Wewe unajua nyumba tu. Mimi najua yaliyoandikwa chini yake."

Akakiweka kikombe.

"Mmoja kati ya hawa watoto sikumzaa," alisema kwa sauti ya chini. "Tulimkuta karakana, kwenye sanduku la vifaa, mchanga hata kitovu hakijakauka. Tukahama mji juma lile lile, tukarudi baada ya miaka na watoto watatu, hakuna aliyeuliza. Mume wangu ameyaandika yote humo. Nilimsihi asiandike. Akasema fundi hawezi kufa akaacha kitu kimefungwa."

"Ni yupi?"

"Usiniulize. Leo jaji angesoma kwa sauti, mbele ya makarani na wapita njia, na mwanangu angejua kwa mdomo wa mtu baki kwamba si mwanangu. Nyumba waichukue, nitalala popote. Hilo sikubali."

Wakili, aliyekuja amejiandaa kumkaripia mtu, alijikuta anatafuta leso. Huyu mama alikuwa ameiba nyumba yake mwenyewe ili mtoto mmoja asiumie. Sheria aliyoisomea haikuwa na kifungu cha kosa hilo.

"Nisikilize, mama," alisema baada ya kupenga kamasi. "Naweza kuomba wosia usomwe faragha, ofisini kwa jaji. Wewe, mimi na yeye. Watoto wakae nje kwenye benchi. Jaji akishaona kwamba nyumba ni yako, hayo mengine hayana haja ya kutoka mle ndani."

"Unaniahidi?"

"Naahidi kuomba. Yule jaji ni mkali, lakini ni mwanamke."

Mama akafunua debe la mchele, akazamisha mkono.

"Kwenye mchele?" Wakili alishangaa. "Nyumba nzima imejaa makufuli."

"Nyumba hii, ukikifungia kitu kufuli umekitangaza. Cha kuficha tunakiweka pasipo na ufunguo. Kila mtu anajua." Hapo mama aliutazama mlango, kana kwamba ndiyo kwanza ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Bahasha ilitoka na punje zake. Wakili aliipeleka dirishani. Lakiri ya Mzee Kitasa aliikumbuka vizuri: ilikuwa nyembamba kama sarafu. Hii ilikuwa nene kama kizibo cha chupa, imezungushwa kwa ustadi, nzuri kuliko ilivyotoka kwa mwenyewe. Aliikwangua pembeni kwa ukucha. Chini ya lakiri kulikuwa na lakiri, na chini yake nyingine.

Wakili alifungua mlango wa jikoni kwa nguvu. Watatu wote walikuwa wamesimama pale pale nje, sikio kwa sikio.

"Nani ameifungua?" aliuliza, ameinyanyua bahasha.

"Mimi," Sista alisema. "Jana jioni, nilipopima mchele. Nikaifunga vizuri."

"Vizuri?" Kitinda alisema. "Nilikuta imekaa upande. Mimi ndiye niliyeifungua tena nikainyoosha."

Wakamgeukia Meneja. Meneja alilegeza tai.

"Leo asubuhi," alisema. "Na nyie wote wawili mliacha mapovu kwenye lakiri."

Mama alikaa juu ya debe la mchele. Hakulia. Alifunika mdomo kwa kiganja, akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayeangalia vyombo vikidondoka kutoka rafu ya juu.

"Mama, usihangaike," Meneja alisema, na sauti ya hoteli ilikuwa imemtoka kabisa. "Baba hakuandika ni nani, lakini mimi najua. Ni mimi. Sijawahi kufungua hata kufuli la sanduku la shule. Ndiyo maana karakana ile siipendi, inaninyooshea kidole."

"Wewe?" Sista alisema. "Ni mimi. Nimetafuta picha yangu ya utotoni nyumba nzima, haipo. Zenu zipo."

"Jamani, mimi ni mfupi," Kitinda alisema. "Angalieni mlivyo warefu. Hata shati la kaka linanimeza. Nimejua tangu niko darasa la tatu."

Wakaanza kubishana. Nakuapia, msomaji, wakabishana kwa hasira kabisa nani kati yao aliyeokotwa, kila mtu na ushahidi wake, mpaka Wakili akaangalia saa na kuwaswaga wote wanne kwenye gari kama kuku.

"Shauri je, unaliondoa?" alimuuliza Meneja njiani.

"Siondoi," Meneja alisema, ametazama dirishani. "Nataka jaji asome, kisha amuulize mama ni nani. Nimechoka kukisia."

* * *

Mheshimiwa Jaji alilikubali ombi la faragha kwa sharti moja, kwamba Wakili asihutubie. Watatu walibaki kwenye benchi la korido. Ndani ya ofisi mlikuwa na meza, viti, mafaili, na mama amekaa ukingoni mwa kiti chake kama mtu asiyetaka kukichafua.

Jaji aliibandua lakiri. "Nene sana hii," alisema.

"Ni familia ya mafundi, Mheshimiwa," Wakili alijibu, na kuacha hapo.

Jaji alisoma kimya. Aliitikia kwa kichwa mara moja, alipofika kwenye nyumba bila shaka, na Wakili akapumua. Aligeuza ukurasa. Halafu akaacha kusoma, ingawa macho yalibaki pale pale kwenye karatasi.

"Mama," alisema, "huyu mtoto mliyemkuta. Mumeo ameandika alikuwa amefungwa kwenye joho."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Joho jeusi, kama haya ya kwenu. Kwapani limeshonwa kwa uzi mweupe. Ninalo mpaka leo."

Jaji alivua miwani. Bila miwani alikuwa mtu mwingine, mwanamke wa makamo aliyechoka sana.

"Uzi mweusi ulikuwa umeniishia," alisema.

Wakili alitaka kusema kitu, akakumbuka sharti.

"Nilikuwa mwanafunzi wa sheria," jaji aliendelea, anaongea na meza. "Sikuwa na pa kumpeleka. Niliona karakana ina taa. Niliporudi juma lililofuata palikuwa pamefungwa, na hakuna aliyejua waliko. Jina la mwenye karakana sikulijua mpaka dakika hii." Aliisukuma karatasi mbali naye. "Kesi hii siwezi kuisikiliza tena. Lazima nijitoe. Itapewa jaji mwingine, na yeye atausoma wosia huu mahakamani."

Mama alifumba macho. Yote aliyoyafanya, pini, droo, mchele, yalikuwa yamemrudisha pale pale alipoanzia.

"Ni yupi?" jaji aliuliza.

"Mheshimiwa, wewe ulimwacha mmoja," mama alisema. "Mimi nina watatu. Sina wa kukuonyesha."

"Nina haki ya..."

"Huna," mama alisema kwa upole.

Jaji alisimama. Alizunguka meza, akapita mbele yao, na kabla Wakili hajamwahi alikuwa amekwisha kufungua mlango wa korido. Wale watatu, walipoona joho, waliinuka kama mahakama inavyotaka. Jaji alisimama mbele yao, akatazama sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, na machozi yakaanza kumtiririka.

Meneja ndiye aliyeanza. Alikuwa akimtazama mama yake, aliyetokea mlangoni ameshikilia mkono wa Wakili.

"Mheshimiwa, samahani," alisema. "Nimekaa hapa nikafikiri. Naliondoa shauri langu. Nyumba ni ya mama, iwe na karatasi au bila karatasi. Na lile jambo jingine, sitaki tena kulijua."

"Hata mimi sitaki," Sista alisema haraka, machozi yanamtoka. "Lisisomwe. Tuna mama, inatosha."

Mama aliachia mkono wa Wakili. Nyumba yake ilikuwa imemrudia, na siri yake pia, kwa pamoja, kwenye korido ile. Alifungua mikono awakumbatie.

"Mimi nataka," Kitinda alisema.

Hakupaza sauti. Alikuwa amekunja mikono ya shati la kaka yake mpaka viwikoni, na macho yake hayakuwa kwa mama. Yalikuwa kwa jaji.

"Samahani, mama. Nakupenda. Lakini huyu Mheshimiwa analia, na mimi nataka kujua kwa nini."

Sista alimvuta mkono, naye hakusogea. Mama alimtazama mwanawe mdogo, na Wakili, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, aliona mabega yake yanashuka.

"Haya," mama alisema. "Kaeni chini wote. Na wewe pia, Mheshimiwa."